Rangi Iliyoenda Getini

Gatongora, Ruiru
Alasiri, mvua inanyesha

Kwa mwanangu Wairimu, Maitu wangu,

Nakusalimu kabla hujaondoka, ili ukifika huko uzikute salamu zimekutangulia. Baba yako anakusalimu. Sasa hivi amelala kwenye kochi na redio juu ya kifua, na mtu akimwamsha atasema alikuwa anasikiliza habari. Cucu, mama ya baba yako, anakusalimu, yuko jikoni anachambua maharagwe, ameniuliza mara tatu kama umerudi kutoka Thika kununua buti zako. Kim mdogo wako anakusalimu, ingawa ameshapima kitanda chako na anasema kinamtosha. Dada yako Njeri amepiga simu kutoka Gitothua, yeye na mume wake na mtoto ni wazima, kesho watakuja mapema kukusindikiza. Mama Achieng wa mlango wa pili anakusalimu na ameleta karanga za kwao, nimezifunga kwenye leso ya buluu. Hata ng'ombe anakusalimu kwa sababu jina alilo nalo ni wewe ulimpa. Na mimi nakusalimu, tena nakusalimu, na ningeendelea kusalimu mpaka karatasi iishe kwa sababu naogopa kufika pale ninapokwenda.

Barua hii nitaiweka ndani ya ile kofia yako ngumu ya kazi, chini ya mikanda. Najua hutaivaa njiani. Utaikuta Mombasa siku ya kwanza ya kazi. Nimepanga hivyo kwa sababu ana kwa ana nimejaribu na nimeshindwa. Juzi tukikunja nguo nilisema, "Wairimu, kuna kitu," ukasema, "Nini Mum?" nikasema, "Usisahau sweta." Ukanicheka, "Mum, sweta Mombasa?" Na mimi nikacheka na ile kitu ikarudi chini.

Kwa hivyo sikuandikii mambo ya kula na kulala na kuchagua marafiki. Hayo unayajua kuliko mimi niliyeacha shule darasa la nne. Nakuandikia habari ya mguu wako.

Maisha yako yote umesikia hivi: Fundi Mutuku alitujengea stendi ya tangi la maji kwa chuma mbaya, stendi ikaanguka, ikakuvunja mguu, ndiyo maana mpaka leo baridi ikija unatembea ukivuta. Sivyo ilivyokuwa. Ile chuma ilikuwa nzuri na kazi yake ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliifanya ianguke. Na ilipoanguka, mimi ndiye niliyeficha.

Nimeandika. Sasa wacha nikueleze polepole, mvua nayo inanyesha polepole juu ya mabati, na kila kitu hapa nyumbani kimetulia kama kiko chini ya maji.

Ulikuwa na miaka kama minne. Maji ya mfereji yalikuwa yanakuja mara mbili kwa wiki, basi baba yako akasema tununue tangi. Mutuku alikuwa na kibanda chake hapo chini, karibu na duka la unga, kijana mwembamba kutoka Ukambani, macho mekundu kwa sababu ya kuchomelea. Alikuja akapima. Akatuambia kuna chuma za aina mbili. Kuna nyeusi, na kuna ile imechovywa zinki. Ya zinki bei iko juu, lakini hutaipaka rangi mpaka upate wajukuu. Nyeusi ni rahisi, lakini ni kama mtoto mchanga, lazima uiangalie. Baba yako aliniangalia, mimi nikamwangalia, tukachukua nyeusi. Hapo hatukukosea, mamangu, watu wengi wanachukua nyeusi na inawakalia miaka mingi. Ila tulipoichukua tulichukua pia kazi ya kuitunza, na hiyo kazi haikuwa imeandikwa kwenye risiti.

Siku alipomaliza aliniita.

"Mama Njeri, kuja uone hapa." Alikuwa amemwaga konkriti chini ya kila mguu, imeinuka juu ya udongo kama kibuyu kilichofunikwa. "Hizi ni viatu zake. Chuma haipendi kukanyaga udongo."

"Kwani ni bibi arusi?"

"Bibi arusi anavaa viatu siku moja. Hii itavaa siku zote. Usizifukie. Na kila miaka miwili, brashi ya waya, ile rangi nyekundu ya kwanza, halafu rangi ya juu. Ukifanya hivyo, hii stendi itakuzika."

"Shindwe! Ikuzike wewe!"

Tulicheka mpaka ukatoka nje kuona ni nini. Alikubeba, akakugongesha chuma na kidole ili usikie inavyolia. Ukasema, "Inaimba." Sijui kama unakumbuka. Mimi nakumbuka ile sauti kuliko nakumbuka sauti ya arusi yangu.

Halafu mfereji wa tangi ukaanza kudondosha. Tone, tone, tone, usiku na mchana. Mtu mwingine angenunua washa, ile pete ya mpira ya ndani, abadilishe. Mimi niliona maji yanapotea, nikaona na mbolea ya ng'ombe iko hapo karibu, nikapanda sukuma wiki chini ya stendi. Mwaka wa kwanza miche michache. Mwaka wa pili nikainua udongo, nikaongeza mbolea, nikamwaga hapo maji ya kuoshea vyombo na majivu ya jiko. Viatu vya Mutuku vikapotea. Miguu ya stendi ikawa imesimama ndani ya mbolea mpaka kwenye magoti.

Na sukuma zangu, Maitu! Majani kama sinia. Asubuhi baridi mbolea ilikuwa inatoa mvuke, na mimi nilikuwa nasimama katikati yake na kikombe cha chai, nahisi kama nimesimama ndani ya wingu langu mwenyewe. Wanawake wa chama walikuwa wanakuja kuangalia. Mama Achieng aliniuliza, "Unawapatia nini hawa, maziwa?" Nilikuwa mtu mwenye raha. Nataka ujue hilo. Wakati huo wote kutu ilikuwa inakula pale chini kwenye unyevu, na mimi nilikuwa na raha. Haikutoa sauti. Nimejiuliza mara nyingi, ingekuwa na sauti, ningesikia?

Baba yako hakusahau. Miaka miwili ilipopita alileta mkebe wa rangi ya fedha na brashi ya waya, akasema Jumapili atapaka. Jumapili akaitwa kazini kiwandani. Nikamwambia acha, nitapaka mimi. Na wiki hiyo ndiyo tukapata habari kwamba watu wa Gitothua wanakuja kwa ruracio ya Njeri, wazee wao waketi na wazee wetu wazungumze mahari. Niliangalia geti letu. Lilikuwa limechubuka, limekuwa kama ubao wa kuchinjia. Nikawaza, hawa watu wataona nini kwanza? Wataona geti. Hakuna mgeni wa ruracio anayeinama kuangalia miguu ya tangi.

Nikapaka geti. Lilikunywa karibu mkebe wote. Iliyobaki nikapanda ngazi nikaipaka ile sehemu ya juu ya stendi, pale inaonekana kutoka barabarani. Kule chini ningelazimika kung'oa sukuma. Baba yako aliporudi, akatazama kutoka mlangoni, akasema, "Umepaka?" Nikasema, "Nimepaka." Na sikuwa nimedanganya sana, au hivyo ndivyo nilivyojiambia. Wageni walikuja, mzee mmoja akapiga geti na fimbo, akasema hapa kuna watu wanaojiweza. Nilikua urefu kidole kimoja.

Baada ya hapo kila mwaka nilisema mwaka ujao.

Ulikuwa na miaka kumi. Jumamosi asubuhi, unaosha sufuria pale mferejini. Mimi nilikuwa mlangoni. Watu walisema ilianguka ghafla. Kwangu mimi haijawahi kuanguka ghafla. Mpaka leo nikilala, ile stendi inashuka polepole sana, kama mzee anayepiga magoti kanisani, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili, na tangi inainama, na maji yanatoka kabla, yanafunguka hewani kama shuka linalotandikwa, na jua linapita katikati yake, na wewe unaangalia juu na sufuria mkononi, huogopi, unaangalia tu. Katika ndoto huwa nina wakati wa kutosha kabisa wa kutembea nikuchukue. Natembea na natembea. Sijawahi kufika.

Baba yako alikubeba mbio hadi barabarani, mwenye pikipiki akawapeleka hospitali. Mimi nilibaki nitafute kadi yako ya hospitali na blanketi niwafuate. Sasa sikiliza, hapa ndipo pale nilipoogopa kufika. Maji yalikuwa yamebeba nusu ya mbolea. Ile nusu iliyobaki ilikuwa bado imezunguka miguu iliyovunjika, na nilipoinama nikaona chuma imekwisha, imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu, pale pale mbolea ilipokuwa inafika. Juu ya hapo ilikuwa nzima. Mtu yeyote angeona. Nikachukua jembe. Mtoto wangu alikuwa kwenye pikipiki analia na mimi nilichukua jembe, nikang'oa sukuma zote, nikavuta mbolea yote mpaka kwa zizi, nikaosha vile viatu vya konkriti na maji yaliyobaki. Halafu ndiyo nikachukua blanketi.

Jioni, tulipokuacha umelazwa, baba yako alimwita Mutuku. Wanaume wa ploti walikuwa wamejaa. Baba yako alisema, "Angalia kazi yako. Uliniuzia takataka." Mutuku alipiga magoti, akagusa mguu wa kwanza, akagusa wa pili. Akapitisha kidole kwenye konkriti, pale ambapo doa la mbolea lilikuwa limepanda na halikutoka. Halafu akanitazama. Hakunitazama uso. Alitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeosha lakini kwenye kucha mbolea bado ilikuwa.

Nikangoja aseme. Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa kukana.

Akasimama, akasema, "Mtoto yuko wapi?"

"Hospitali," nikasema.

"Pole sana, Mama Njeri."

Basi. Baba yako akamwambia asikanyage hapa tena, na mtu mmoja akarusha kofia ya Mutuku nje ya geti, lile geti linalong'aa. Baada ya miezi michache hakuna mtu Gatongora alikuwa anampa kazi. Akafunga kibanda, akahamia Witeithie. Tulinunua stendi nyingine, ya zinki, na baba yako alikopa. Ukitaka kujua ile chuma nyeusi ilitugharimu nini, usiangalie siku tuliyoinunua. Weka hospitali, weka mwaka mmoja wa shule uliokosa, weka kibanda cha Mutuku, weka mguu wako. Mkebe mmoja wa rangi na asubuhi moja ya kuinama vingetosha.

Ungeniuliza kwa nini sikusema baadaye. Mwanzoni niliogopa baba yako. Halafu niliogopa wewe, kwa sababu uliniamini. Halafu ikawa ni kama ile stendi yenyewe, juu inang'aa, na mimi nikawa sitaki mtu aje kuchimba chini.

Mwaka jana ukiwa chuo Thika ulirudi nyumbani na ile habari mpya. Ulichukua kalenda ya zamani, ukachora nyuma yake mistari. Huu ni mwaka wa kwanza, huu ni wa thelathini. Ukasema, "Mum, watu wanauliza chuma ni pesa ngapi. Hilo si swali. Swali ni itakula ngapi mpaka siku itakapouzwa skrepa." Ukanionyesha nyeusi inaanzia chini halafu kila baada ya muda inapanda ngazi, rangi, fundi, rangi, fundi. Ya zinki inaanzia juu halafu inatembea tu. Aluminiamu haishiki kutu lakini iko bei na ni laini. Ukasema hata mwisho chuma haifi, inayeyushwa inaanza tena, kwa hivyo hata kifo chake unakiwekea hesabu. Nilikuwa nakusikiliza kama ninayeota. Nikawaza, huyu mtoto anajua kila kitu na hajui.

Na ndipo ukasema, "Mafundi kama yule Mutuku, Mum, wanaiba miaka ya watu. Ndiyo nilichagua hii kazi. Niwashike."

Ukarudi kwenye mistari yako. Mimi niliinuka nikaenda jikoni nikafungua sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Kesho unaenda kuwa mtu wa kukagua. Utapewa kalamu na ile kofia, na mahali chumvi ya bahari inakula chuma mbio kuliko mbolea yangu. Maghala utakayokagua yataonyesha kutu, na watu watakuuliza ni nani amekosa. Siwezi kukuacha uende huko ukiwa umesimama juu ya uongo wangu. Ukiinama mahali uone chuma imekwisha, muulize aliyejenga, na umuulize pia anayeishi nayo. Muulize anamwaga maji wapi. Angalia mikono. Najua ninachosema.

Nawaza sana siku hizi juu ya mama yangu, yule unayebeba jina lake. Kwa sababu ya hilo jina ninakuita Maitu, mama yangu, na kwa hivyo leo ni kama naungama kwake pia, na yeye alikuwa mkali. Alikuwa mvunaji wa kahawa, na wanawake wenzake walichangishana wakawekeana mabati, nyumba moja baada ya nyingine. Kila mwaka kabla ya mvua alifunga ufagio kwenye mti mrefu, akafagia majani kwenye paa na kwenye gata ya kupitishia maji ya mvua. Sisi watoto tuliona aibu, tukasema huyu mama anafagia mbinguni. Sikumwona akipaka kitu rangi ili mgeni aone. Alikufa, na lile paa liko, kaka yangu analala chini yake. Nilikuwa namshikia ngazi. Nilimwona kila mwaka kwa macho yangu, na sikujua kwamba nilikuwa nafundishwa.

Alhamisi iliyopita niliwaambia naenda soko Thika. Sikwenda soko. Nilishuka Witeithie nikauliza, wakanionyesha. Mutuku ana mvi. Ana kibanda kikubwa kuliko cha zamani, alikuwa anachomelea dirisha, cheche zinamwagika kwenye miguu yake kama mahindi yanayopukuchuliwa. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Aliinua ile barakoa ya kuchomelea, akaniona. Hakushtuka. Alisema kwa sauti, "Mama Njeri! Mtoto anatembea?"

Miaka yote hiyo, na hilo ndilo swali.

Nikasema, "Anatembea." Nikageuka nikaondoka. Sikumwambia kwamba unaenda kuwa mkaguzi. Sikumwambia lolote.

Nitarudi kwake Jumamosi, wiki hiyo utakayoanza kazi. Kesho ukishaondoka nitamwambia baba yako, na Cucu atasikia, na acha asikie. Halafu tutaenda Witeithie mimi na baba yako, na nitasema mbele ya watu wake, wale anaowafundisha kazi, kwa sababu mbele ya watu ndipo alipoaibishwa. Hata kama hutaki kuniandikia tena, nitaenda. Hiyo nimeamua.

Sikuombi unisamehe upesi. Mguu ni wako na miaka ni yako. Lakini nikifika pale atauliza tena juu yako, namjua sasa, na sijui nitamjibu nini. Nimwambie unajua? Nimwambie ulisema nini? Neno lako kwake siwezi kulitunga mimi, nimetunga ya kutosha.

Kwa hivyo ukimaliza kusoma, piga. Usitume ujumbe, maandishi ya simu ni madogo kwa macho yangu, Kim ndiye hunisomea na hili si la Kim. Piga mwenyewe kabla ya Jumamosi, hata kama ni dakika moja, hata kama ni ya kunipigia kelele. Hata ukinyamaza kwenye simu nitangoja. Nitakuwa nimeishika mkononi kuanzia siku utakayofika.

Ni mimi mama yako.